Mwongozo kamili: kurusha na kushindanisha glaida za rimoti wikiendi kwenye vilima vya Mwanza

Siku nyingi za kiangazi, kuanzia saa tano asubuhi hivi, upepo huanza kuingia Mwanza kutoka ziwani. Ardhi inapata joto haraka kuliko maji, hewa iliyo juu yake inapanda, na ile ya ubaridi kutoka ziwani inakuja kujaza nafasi. Ikifika saa nane mchana, upepo huo umeshakuwa wa kutegemewa. Ukikutana na kilima hauna pa kupita ila juu. Mwewe wanalijua hilo kuliko sisi: utawaona wamekaa juu ya ukingo wa kilima dakika nzima bila kupiga bawa hata mara moja.

Glaida ya rimoti, yaani ndege ndogo isiyo na injini inayoongozwa kwa redio kutoka chini, inakaa hewani kwa upepo huohuo. Glaida ya kubeba mtu inataka kiwanja, ndege au mashine ya kuivuta, mkufunzi na leseni. Hii ndogo inataka kilima, wikiendi na watu watano au sita wenye moyo. Na ukishaweza kuirusha, ishindanishe. Mtu anayeruka peke yake huridhika mapema, lakini saa ikianza kuhesabu unajifunza kuutazama upepo kwa namna nyingine kabisa. Sharti langu ni moja, na limeongoza kila kilichoandikwa hapa: mashindano ya wikiendi yapangwe kwa kumfikiria anayeshika mkia, kwa sababu yeye ndiye asiporudi Jumamosi ijayo kikundi kinakufa.

Ruhusa kwanza

Tanzania, vyombo vya angani vinavyoongozwa kutoka chini viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na droni hazirushwi kiholela. Usijiaminishe kwamba kwa kuwa ndege yako haina injini wala kamera basi sheria haikuhusu. Kabla hujanunua chochote, wasiliana nao kwa maandishi. Eleza uzito wa ndege, urefu wa mabawa, mahali, kimo mtakachofika juu ya kilima na siku mtakazoruka. Subiri jibu la maandishi, litoe nakala, na nakala moja iende nanyi kilimani kila mara.

Uwanja wa ndege wa Mwanza uko Ilemela, kaskazini mwa katikati ya jiji, kwa hiyo vilima vya upande huo vifute kabisa kwenye orodha yako. Kisiwa cha Saanane nacho ni hifadhi ya taifa, usikisogelee.

Baada ya hapo nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa mwenye eneo. Nenda na ndege yenyewe mkononi, maana maneno "ndege inayoongozwa na redio" yanatia watu wasiwasi wasipoiona.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba. Hiyo inapiga picha?"
"Hapana mzee, haina kamera wala injini. Ishike uone."

Akishaishika na kuona ni povu na mwanzi, mazungumzo yanakuwa mengine. Muulize ng'ombe wanapita wapi na saa ngapi, na shamba la nani liko chini ya mteremko. Majibu hayo yataamua ratiba yenu.

Kuchagua kilima

Mwanza ni jiji la miamba, na ugumu unaanzia hapo. Mawe makubwa yaliyobebana yanapendeza macho, lakini yanaukata upepo na kuukoroga. Ndege inayopita juu yake inatikiswa huku na huku, na ikianguka inaangukia jiwe. Unachotafuta ni kilima chenye uso wa nyasi unaotazama maji, mteremko mkali kiasi, na chini yake pasiwe na nyumba, barabara wala nyaya za umeme. Kimo cha mita 20 au 30 kutoka chini ya mteremko kinatosha kuanzia. Juu pawe na uwanda mdogo wa kutua.

Upande wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, kwenye njia ya Malimbe na Luchelele, ardhi inatazama maji kwa magharibi, na upepo wa mchana huja kutoka upande huo wa ziwa. Anza kutafuta huko. Nenda mara kadhaa bila ndege, mchana, ukiwa na fimbo yenye utepe wa plastiki uliofungwa kwenye ncha. Simama ukingoni. Utepe ukilala sambamba na ardhi, upepo unapita tu. Ukiinuka kwa pembe na kubaki umeinuka, hapo pana mnyanyuo, yaani hewa inayopanda. Kisha rusha kiganja cha nyasi kavu mbele yako: mahali pazuri, nyasi hizo zitarudi na kupita juu ya kichwa chako.

Angalia pia upepo unakuja kwa pembe gani. Unaofaa ni ule unaokipiga kilima usoni moja kwa moja; ukikengeuka hapo kwa zaidi ya digrii 45, mnyanyuo unapotea. Mashindano ya kimataifa ya glaida za kilimani, yanayojulikana kama F3F, yanatumia kipimo hichohicho kusimamisha mchezo. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini mashariki una nguvu, na asubuhi unaweza kuukuta unakupiga mgongoni ukiwa umesimama ukitazama ziwa. Usirushe. Subiri mchana ugeuke. Usipogeuka, rudini nyumbani.

Kuunda ndege

Viwanda vya samaki vya Mwanza vinapakia minofu ya sangara kwenye maboksi meupe ya povu gumu, kwa hiyo ulizia maboksi yaliyovunjika kona. Hayo ndiyo bawa lako. Yaoshe kwa sabuni, yaanike mpaka yakauke kabisa na harufu iishe.

Vipimo ninavyopendekeza kwa ndege ya kwanza: mabawa yote mawili sentimita 120 kutoka ncha hadi ncha, upana sentimita 18, unene sentimita 2 sehemu iliyo nene zaidi. Kata nusu mbili za sentimita 60 kila moja. Kipande kikiwa kifupi, unga. Upande wa chini uache tambarare. Upande wa juu uchonge kwa kisu kikali, umalizie kwa msasa uliogandishwa kwenye ubao: ukingo wa mbele wa duara, sehemu nene zaidi kwenye theluthi ya kwanza kutoka mbele, kisha ushuke polepole hadi milimita 2 au 3 nyuma. Hapa usiharakishe. Funga jicho moja, tazama bawa kutoka ncha kuelekea katikati. Ukiona limepinda, lisugue tena. Bawa lililojipinda litakusumbua siku zote na hakuna rimoti itakayolinyoosha.

Chimba mfereji mwembamba upande wa chini, karibu na ile sehemu nene, ulaze ufito wa mwanzi mkavu ndani yake kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi ya viatu usiitumie, inayeyusha povu mbele ya macho yako. Subiri ikauke usiku kucha.

Kuunganisha nusu mbili: laza moja mezani, inua ncha ya nyingine sentimita 12, na ziunge zikiwa hivyo kwa gundi na kipande cha plaiwudi nyembamba chenye umbo la V pana. Ukiliweka bawa sawasawa, kila ncha itakuwa imeinuka sentimita 6. Mwinuko huo ndio unaoirudisha ndege sawa ikilalia upande, na ndio unaokuwezesha kukata kona kwa usukani peke yake, yaani ule ukingo unaocheza wa mkia wa kusimama.

Funika bawa lote kwa tepu pana ya kufungia maboksi, ukianzia nyuma kuelekea mbele ili kila ukanda ulalie ule wa nyuma yake, kama mabati ya paa. Tumia rangi. Ndege nyeupe kwenye wingu jeupe inapotea ukiwa unaitazama. Nyekundu juu na nyeusi chini zitakusaidia kujua imelala upande gani.

Kiwiliwili ni mwanzi mnyoofu wa sentimita 90. Weka ukingo wa mbele wa bawa sentimita 20 kutoka puani. Mkia wa kulala uwe sentimita 40 kwa 9, wa kusimama sentimita 18 kwa 14, vyote vya povu lililochongwa hadi milimita 5 na kubandikwa tepu pande mbili. Ukingo wa nyuma wa kila mkia ukate, urudishie kwa tepu ili ucheze kama bawaba. Mkia uwe mwepesi kadiri unavyoweza: kwa vipimo hivi, kila gramu 10 za ziada mkiani zitadai karibu gramu 30 puani.

Bawa usiligundishe kwenye kiwiliwili. Lifunge kwa mipira ya manati, ipite juu kwa msalaba. Ndege ikigonga chini, bawa linachomoka badala ya kuvunjika.

Vya kununua ni vichache: rimoti ya 2.4 GHz yenye risiva yake (kipokezi kinachokaa ndani ya ndege), sevo mbili za gramu 9 (mota ndogo za kusukuma kingo za mkia), na betri nne za kuchaji za ukubwa wa AA kwenye kishikio chake. Betri zikae puani. Sevo zikae chini ya bawa, na kutoka hapo hadi mkiani tumia vijiti vya mishikaki vilivyoungwa kwa uzi na gundi, na waya mwembamba kwenye ncha. Ndege nzima ikiwa karibu gramu 450, umefanya vizuri.

Kusawazisha

Weka alama chini ya kila bawa, sentimita 5 kutoka ukingo wa mbele. Inyanyue ndege kwa ncha za vidole viwili kwenye alama hizo. Inatakiwa ilale sawa, pua ikiinama kidogo sana. Mkia ukishuka, ongeza uzito puani: chubwi za risasi za nyavu, zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi, zinafaa sana kwa sababu ni ndogo na unaongeza moja moja. Alama isiende nyuma zaidi ya sentimita 6. Ndege yenye pua nzito inaruka vibaya. Yenye mkia mzito hairuki kabisa.

Washa rimoti kwanza, kisha ndege. Kabla ya kwenda popote, mwenzako abaki na ndege, wewe utembee hatua 30 na zaidi ukiwa umeweka rimoti kwenye hali ya nguvu ndogo ya kupima, mkia uendelee kutii. Simama nyuma ya ndege, sukuma kijiti kulia: usukani uende kulia. Vuta kijiti kwako: ukingo wa mkia wa kulala uinuke. Ukaguzi huu ni wa kila siku ya kuruka, hata kama jana ulikuwa sawa.

Jaribio la kwanza lifanyike kwenye uwanja wa nyasi usio na mteremko, asubuhi kabla ya upepo. Irushe kwa mkono sawa na ardhi, pua ikiinama kidogo, usiielekeze juu. Ikiinua pua, ikasimama na kuporomoka, ongeza chubwi puani. Ikienda chini moja kwa moja, punguza. Rudia mpaka iende mbele kwa utulivu na kutua kwa tumbo bila wewe kugusa kijiti.

Kuruka kilimani

Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya pwani. Ndege ileile itahitaji mwendo mkubwa kidogo hapa kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo irushe kwa nguvu zaidi kuliko video za mtandaoni zinavyoonyesha.

Kwa ndege hii unataka upepo wa mita 5 hadi 8 kwa sekunde. Bila kipimo, tazama mazingira: majani na matawi madogo yanacheza bila kupumzika, bendera imenyooka, ziwani mawimbi yenye vichwa vyeupe yameanza kuonekana. Vumbi likianza kuinuka, anayejifunza akae pembeni.

Simama ukingoni, tazama upepo, irushe mbele. Iache iende mita 20 au 30 mbele ya kilima kabla ya kukata kona, halafu iende sambamba na ukingo, kushoto na kulia. Kila kona igeuzwe kuelekea ziwani, kamwe si kuelekea kilimani. Ukigeuza kuelekea kilimani upepo unakusukuma kutoka nyuma, na unaona ardhi inakuja kabla hujafikiri. Nyuma ya ukingo hewa inashuka na kujikoroga, kwa hiyo ndege isirudi nyuma yako mpaka utake kutua.

Ndege inapokuja kwako, kushoto na kulia vinageuka. Njia nyepesi ni kusukuma kijiti upande wa bawa lililoshuka, nalo litainuka. Shika hilo tu, mengine yatakuja kwa mazoezi.

Kutua ndiko kunakovunja ndege nyingi. Ipeleke mwisho wa ukingo ambako mnyanyuo ni hafifu, ipite pembeni ya kilima, kisha igeuze itazame upepo na uiache ishuke kwenye nyasi za juu. Usivute kijiti kwa hofu ikiwa bado na kimo cha kichwa, maana itasimama hewani na kudondoka.

Siku ya mashindano

Mashindano yafanyike kati ya saa nane na saa kumi na nusu. Kilima kinachotazama magharibi kina tatizo lake: kuanzia saa kumi na moja jua linakuwa mbele yenu, na rubani anapoteza ndege machoni. Miwani ya jua na kofia yenye kivuli ni lazima hata mapema zaidi.

Simamisha nguzo mbili za mwanzi zenye bendera ukingoni, umbali wa mita 60. Kwenye F3F nguzo zinakuwa mita 100 na rubani anazipitia njia 10. Kwa kikundi kinachoanza, njia 4 za mita 60 zinatosha. Kwenye kila nguzo akae mwamuzi mwenye filimbi. Mbele ya kila nguzo, hatua tatu au nne, chomeka kijiti cha pili, ili mwamuzi avipange viwili kwenye mstari mmoja kwa jicho moja. Pua ya ndege ikikata mstari huo, anapiga filimbi na rubani anageuza. Bila kijiti cha pili kila mwamuzi atakuwa na mstari wake, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Anaruka mmoja mmoja. Akisharusha ana sekunde 30 za kutafuta kimo kabla ya kukata mstari wa kwanza. Zikiisha, saa inaanza kuhesabu popote alipo. Mwenye saa anatumia simu na kutamka muda kwa sauti, mwingine anaandika daftarini. Wasioruka ndio waamuzi, kwa zamu, kila mtu bila kubagua. Watazamaji, hasa watoto, wakae nyuma ya kamba, hatua 15 nyuma ya rubani. Mtu au mfugo akionekana kwenye mteremko, mwamuzi yeyote apige filimbi ndefu, mchezo usimame, na rubani arudie bila kupoteza kitu.

Upepo hautakuwa sawa kwa wote. Kwenye mashindano ya glaida za kubeba watu, mstari wa kuanzia ukishafunguliwa kila rubani huchagua mwenyewe muda wa kuanza, na hiyo ni sehemu ya ustadi. Nasi tunaweza kuiga kwa namna yetu: raundi ya kwanza mpige kura, kuanzia ya pili aliye wa mwisho achague zamu yake wa kwanza, kisha anayemfuatia, mpaka juu. Anayeongoza anachukua zamu iliyobaki. Upepo ukishuka chini ya mita 3 kwa sekunde, ambacho ndicho kiwango cha chini cha F3F, aliyekuwa hewani anarudia.

Alama zihesabiwe hivi: mwenye muda bora wa raundi anapata 1000. Wengine, gawanya muda bora kwa muda wa mtu, zidisha kwa 1000. Bora akiwa sekunde 30 na wewe 40, una 750. Raundi nne kwa mchana mmoja zinatosha, na kila mtu aruhusiwe kufuta moja mbovu.

Lakini orodha hiyo iwe ya pili kusomwa. Ya kwanza iwe ya kujipita: kila mtu anapimwa dhidi ya muda wake bora wa Jumamosi iliyotangulia. Aliyekuwa na sekunde 52 akafanya 46 amejipita kwa asilimia 11.5, bingwa aliyetoka 30 kwenda 29 amejipita kwa 3.3 tu. Klabu za glaida za kubeba watu hutumia viwango vya ulinganifu ili glaida ya mbao ya zamani ishindane kwa haki na mpya ya kaboni, na huu ni ulinganifu wetu. Msifute orodha ya muda, maana mwenye kasi naye anastahili heshima yake. Someni tu hii kwanza, na kwa sauti.

Radi na maji

Mvua za radi za ziwa hili hujengeka zaidi usiku juu ya maji na kufika ufukweni alfajiri na asubuhi. Mchana hujengeka zaidi nchi kavu. Novemba na Desemba, kisha Machi hadi Mei, tazameni nyuma yenu, kuelekea bara, mara nyingi kama mnavyotazama ziwa, na someni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, asubuhi. Mkisikia ngurumo, tueni na mshuke kilimani. Hakuna raundi ya mwisho. Subirini nusu saa tangu ngurumo ya mwisho kabla ya kupanda tena.

Ndege ikitua ziwani, asiogelee mtu kuifuata. Kuna kichocho, na kuna sehemu za ufuko zenye mamba. Povu linaelea, na upepo wa mchana unasukuma kuelekea nchi kavu, kwa hiyo mara nyingi itajileta yenyewe. Kukiwa na haraka, mwombeni mwenye mtumbwi aifuate, na atakayepanda naye avae jaketi okozi. Andika namba yako ya simu juu ya bawa kwa kalamu isiyofutika, wavuvi wataipiga.

Ikirudi, toa betri kwanza, chomoa risiva na sevo, zisuuze kwa maji safi na uzikaushe kwa upepo, si juani. Bawa lifunuliwe tepu pale lilipoingia maji na likae kivulini siku mbili, kwa sababu tepu mpya haishiki kwenye povu lenye unyevu. Kisha pima mizani upya kwa vidole viwili, maana maji yaliyobaki ndani ya mwanzi wa mkia yanatosha kuisogeza.